Tangazo Mfukoni mwa Kanzu

Watu wa Bigwa wanajua simu. Waulize. Kila mmoja, kuanzia muuza ndizi mpaka karani mstaafu, atakuambia simu yako ina ugonjwa gani kabla hujaitoa kwenye pochi, na kila mmoja atakuwa amekosea. Mimi nina duka la stesheneri mjini Morogoro. Natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti, kwa hiyo wajuaji wa namna hiyo nimekaa nao na kuwasikiliza mpaka masikio yakachoka. Nilikuwa nawacheka tu. Kuwadharau kwa dhati nilianza walipomgusa baba yangu.

Baba ni maalim wa madrasa. Aliteremka kutoka Matombo akiwa kijana, akakaa Bigwa, akafundisha watoto kusoma Kurani, na hajawahi kutaka kazi nyingine. Nusu ya wanaume wanaopita na pikipiki zao hapo barabarani aliwashika vidole akiwaonyesha alifu. Ana tabia moja iliyotutesa sote mkekani: mtoto akisoma neno, hapiti mpaka aseme maana yake. Wengine walikuwa wanakariri kama kasuku na wazazi wanafurahi. Kwa Baba, ng'o. Utasoma, halafu utaulizwa, "Na maana yake?" Tangu Mama afariki, watoto wale wa jioni ndio walikuwa wamebaki kuwa maisha yake. Ukimwondolea hao, humbakizii kitu.

Sasa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaona amfurahishe mzee. Akamnunulia simu kubwa mpya. Ilikuwa ya ofa, simu za bei chee, na mwaka ule nusu ya Bigwa walizikimbilia kama zinagawiwa bure. Baba alitaka vitu viwili tu: imwadhinie kwa wakati, na imsomee Kurani kwa sauti za wasomaji aliokuwa anawasikia redioni ujanani. Basi akawa anatembea nayo mfukoni mwa kanzu, sauti juu kabisa ili adhana isimpite.

Haikuchukua muda tangazo likaanza. Simu imelala zake kimya, mara inawaka yenyewe, kioo kizima kinajaa mwanamke mwenye nguo za kuhesabu nyuzi, anasema kwa uchangamfu, "Hujambo mpenzi! Uko peke yako? Bonyeza hapa tucheze, ushinde!" Kamari, na kamari ya hovyo. Mara ya kwanza Baba alidhani ni simu imepigwa. Akaiweka sikioni, akamjibu kwa upole, "Hapana mama, umekosea namba."

Niliikagua. Programu yenyewe ilikuwa imejificha ndani kabisa kwa jina la heshima, kama mtumishi wa serikali, na haikuwa na kitufe cha kuiondoa. Haikupakuliwa na Baba. Ilikuja nayo kutoka huko ilikotengenezwa. Na hili mlishike, kwa sababu ndilo linaloniudhi mpaka leo: simu za aina ile zilikuwa zimejaa Bigwa, na mwanamke yule alikuwa anawasalimia watu nyumba hadi nyumba. Wote walimwona. Wote wakanyamaza, kila mtu na simu yake uvunguni.

Akafariki jirani. Tumezika, tumerudi, watu wamekaa mikekani, Baba anaomba dua. Pale pale anaposema "Ewe Mola msamehe", kanzu ikaitika: "Hujambo mpenzi! Uko peke yako?"

Halafu mtani wetu akapasua.

Asiye wa kwetu nimweleze. Ukoo wetu una watani wake, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote, hata kumwiga marehemu alivyokuwa akikoroma. Hakasirikiwi. Ukikasirika, mshamba ni wewe. Mtani wetu ni bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, na alikuwa amekaa na sisi wanawake nyuma. Akasimama, akajishika kiuno: "Ala! Maalim, huyo bi mdogo hujamwambia kama tuko msibani? Mwambie asubiri, dua inakaribia kwisha!" Watu wakacheka hadi waliokuwa wanalia. Baba mwenyewe akatabasamu, akaizima simu, akamaliza dua yake. Kwetu sisi hapo mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa mwenyekiti ndiyo kwanza yanaanza. Mwenyekiti wa kamati ya madrasa ni bwana mmoja aliyekuwa bosi wa kitu fulani Dar es Salaam, akastaafu, akaja Bigwa kujenga nyumba yenye vigae na geti linalolia. Kwao alikozaliwa hawataniani misibani, wala hakujisumbua kuuliza. Akaitisha kamati, akasema Maalim ana mambo na mwanamke kwenye simu, tena, akasema huku ameinua kidole, "shahidi yupo. Kuna mama amethibitisha mbele ya watu."

Shahidi! Mzaha wa mtani ukageuzwa ushahidi. Na wale wanakamati wengine, watu wa hapa hapa, waliozaliwa na kukua ndani ya utani, waliinamisha vichwa wakitazama vidole vyao vya miguu. Hakuna aliyefungua mdomo kusema, bwana mkubwa, yule ni mtani. Waliogopa kuonekana washamba mbele ya mtu mwenye vigae.

Nikaichukua simu mbio mbio kwa kijana mmoja fundi pale mjini. Hakuitazama hata kidogo. "Tunaflashi tu, maza, inatoka mpya." Akaiflashi. Akafuta kila kitu cha Baba, akamwekea upya mfumo ule ule wa kiwandani, wenye mwanamke yule yule ndani yake. Kichwa maji kile kilikuwa kimemwogesha mwizi na kumrudisha ndani ya nyumba. Lakini simu ilikaa kimya kwa muda, na Baba, maskini, akafurahi. Ijumaa baada ya swala akamfuata mwenyekiti nje ya msikiti, mbele za watu, akamwambia, "Alhamdulillahi mwenyekiti, imepona." Akaitoa mfukoni amwonyeshe.

"Hujambo mpenzi!"

Wakampumzisha. Ndilo neno walilotumia. Maalim apumzike kwanza. Wazazi wakawachukua watoto wao wakawapeleka kwa mwalimu mwingine aliyeletwa na kamati, na Baba akabaki barazani kwetu na mkeke umekunjwa, akitazama njia saa za jioni. Watoto wakipita walimpa shikamoo kwa mbali, wengine walikuwa wameshaambiwa wasimpe. Baba alikuwa akiitikia marahaba hata kwa wale waliopita kimya.

Hapo nikasema basi. Simu hii itasafishwa hadi kwenye mfupa, na nitaisafisha mimi.

Shemeji yangu, mume wa dada, akajitolea kunisaidia. Anafanya kazi kiwandani, anajua mashine, kwa hiyo anaamini anajua kila kitu chenye umeme. Akaniambia kuna programu unapakua, unabonyeza mara moja tu, simu imeshakuwa ruti. Kuruti ndiyo vijana wanavyoita kupata mamlaka ya mwisho juu ya simu yako, yale ambayo kiwanda kilijibakizia. Nikamuuliza, "Shemeji, hiyo programu nani kaitengeneza?" Hajui. "Inatoka wapi?" Kwenye mtandao. Yaani nimtoe mwizi mmoja kwa kumwomba mwizi mwingine aje na funguo zake! Nikamwambia anywe chai.

Nikajifunza mwenyewe. Wateja wakipungua dukani, nasoma. Nikaona kwamba kazi yenyewe haina uchawi, ina adabu tu, na adabu ndiyo iliyowashinda mafundi wetu. Kwanza unahamisha kila kilichomo, namba, picha, sauti, kwa sababu ukifungua kufuli ambalo kiwanda kimelitia kwenye mfumo wa kuwashia, simu inajifuta yote. Imewekwa hivyo ili aliyeiba asifaidi. Kisha unatafuta mafaili ya simu hiyo hiyo, na unaweka pembeni mfumo wake wa asili ili mambo yakienda kombo uwe na pa kurudi. Unachaji simu, unachaji na laptopu, maana mvua ikishuka kutoka mlimani umeme wa kwetu huondoka bila kuaga. Waya uwe mzima, usiwe ule wa kushikilia kwa kidole.

Halafu unaweka rikaveri mpya. Rikaveri ni kama mlango wa jikoni: hata kama sebule imeungua, unaingilia huko na kutengeneza. Ile ya kiwandani inajua kufuta tu. Hii mpya inakunakilia simu nzima, na ukikosea inakurudishia ilivyokuwa. Shemeji akaja tena, eti amepata rikaveri ya simu inayofanana na ya Baba, tuiweke tu. "Si zote za kampuni moja?"

"Shemeji, wewe na kaka yako mmetoka tumbo moja. Mbona viatu vyake havikuingii?"

Akasema mimi nina mdomo. Ninao. Lakini ningemsikiliza, simu ingewaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka tungeitumia kuzuia mlango.

Nilifanya kazi hiyo nyumbani, Baba amekaa pembeni. Nilipochomeka waya alisema Bismillahi. Nikafungua kufuli, simu ikajifuta kama ilivyotakiwa. Nikaweka rikaveri, nikanakili kila kitu, ndipo nikairuti. Nikamfuata mwanamke yule hadi alipojificha nyuma ya jina lake la heshima, nikamfuta, nikafuta na kijiprogramu kilichokuwa kinamrudisha. Mwisho nikaiondoa na ruti yenyewe, kwa sababu funguo za nyumba nzima haziachwi mlangoni. Tukaikalia siku nyingi, imewashwa, bando limejaa, sauti juu. Iliadhini na kusoma Kurani. Zaidi ya hapo, kimya.

Ila kulikuwa na jambo moja. Simu iliyofunguliwa kufuli, kila ukiiwasha, inaleta onyo kwa Kiingereza kabla ya kuendelea. Onyo limewekwa na kiwanda. Kulifunga tena kufuli wakati mfumo umeshaguswa ni kuiua simu. Nikamweleza Baba, akanielewa mara moja. Nikadhani watu wazima wengine nao wataelewa.

Kamati ikakubali kukutana kwenye baraza ya madrasa baada ya Alasiri. Nilisimama dirishani. Baba akaeleza kwa ufupi, akaweka simu mezani. Mwenyekiti akasema, "Tuizime, tuiwashe, tuone." Akaiwasha. Onyo likatokea. Mtume! Yule bwana alivaa miwani kama anakwenda kusoma hukumu ya mtu kunyongwa. Akalisoma kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya watu waliowahi kuwa na sekretari, halafu akatutafsiria: "Simu hii imefunguliwa na haiaminiki."

Akavua miwani. "Ndugu zangu, si mimi. Simu yenyewe imesema."

Niliongea. Nilisema maana ya onyo ni kwamba mwenyewe kaifungua, basi, na kwamba wangoje wasikie kama kuna tangazo. Nilikuwa naongea na ukuta. Mwenyekiti aliinua kiganja kuninyamazisha, mimi mwenye mvi, kama anasimamisha gari. Akasema kamati ina huruma, kamati imemsamehe Maalim, ila kwa usalama watoto wataendelea na yule mwingine. Wote, vibaraka wakubwa wale, wakaitikia amin.

"Mnanisamehe nini?" Baba akauliza.

"Yaishe, Maalim. Tumeshakusamehe."

Baba akachukua simu yake, akaitia mfukoni, akapanda kilima kurudi nyumbani. Mimi nililia kwa hasira barabara nzima, na sikujali nani ananiona.

Asubuhi mtani wetu akabisha hodi. Mtani haombi radhi, hakuna kitu kama hicho duniani. Alikuwa amemkokota mjukuu wake kwa mkono, na juzuu kwapani. "Maalim! Bi mdogo ameshaondoka? Kama ameondoka nafasi ipo, nimekuletea mwanafunzi. Huyu hana simu." Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaukunjua mkeke. Wakafuatia wengine wawili watatu, wa wazazi wenye akili, na baraza yetu ikawa na sauti tena. Lakini nilikuwa namwona Baba. Kundi kubwa lilipopita kwenda kwa mwalimu wa kamati, alikuwa anapoteza mstari.

Basi siku moja mchana, dukani hakuna mtu, akaingia nani? Mwenyekiti. Shikamoo yangu niliitema kama mbegu ya chungwa. Akatazama nyuma, akatazama pembeni, akaweka simu kwenye kaunta kifudifudi. Simu ya ofa.

"Binti Maalim, nina rafiki yangu. Simu yake ina usumbufu kidogo."

"Usumbufu gani?"

"Ni vigumu kueleza."

Simu ikamsaidia kueleza. "Hujambo mpenzi! Uko peke yako?"

"Hayuko peke yake," nikaijibu, "yuko na binti wa Maalim."

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Ikabidi aseme. Wakwe wa binti yake walikuja kuposa, wamekaa sebuleni kwenye vigae vyake, na mwanamke yule akawakaribisha kabla yake. Sasa wakwe wametuma watu kuulizauliza habari zake. Nikamuuliza swali moja tu: tangazo hili limeanza lini?

Akatazama tena mlangoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tangu niinunue."

Yaani alijua! Siku ile amevaa miwani anamsomea Baba hukumu, mwanamke yule yule alikuwa mfukoni mwake, amezimwa sauti; mbele ya wakwe alisahau tu kumzima. Nilitaka kumrushia mashine ya kopi. Nikamwambia aende zake, nitamjibu kesho, na jioni nikamweleza Baba yote. Baba aliutazama mkeke wake.

"Mtengenezee," akasema. "Ila uifanyie hapa barazani. Na mwenye simu awepo."

Akaja. Angefanyaje? Alivua viatu akakaa mkekani, magoti juu, katikati ya watoto, na mimi pembeni na laptopu na waya wangu. Sikuharakisha. Nilihamisha vitu vyake kwanza, vyote, kwa adabu ile ile niliyoitumia kwa simu ya Baba, maana kazi mbovu siwezi kuifanya hata kwa mtu mbovu. Baba akawa anafundisha. Wapita njia wakawa wanapunguza mwendo: he, yule si mwenyekiti? Kwa Maalim? Wengine wakakumbuka wana shida na Baba, wakaingia. Mtani wetu alifika mapema kuliko wote, akajichagulia kigoda.

Nilipomaliza nikaizima simu, nikampa aiwashe mwenyewe. Onyo likatokea. Alilisoma kimoyomoyo, midomo inacheza, na nikaona alivyolitambua.

"Soma kwa sauti, mwenyekiti," Baba akasema. "Kama siku ile."

Watoto wote wakageuka kumtazama. Akasoma kwa Kiingereza, safari hii bila sekretari. Akatafsiri, imefunguliwa na haiaminiki. Akataka kuitia mfukoni.

"Na maana yake?"

Akakohoa. Hakuna mtoto wa Bigwa asiyejua kwamba hapo hupiti. "Maana yake... si kitu, Maalim. Mwenyewe ameifungua tu kufuli. Simu ni safi."

"Na yangu?"

"Na yako ni safi."

"Tangu lini?"

Mwenyekiti aliangalia watu waliojaa barazani, akaangalia mkeke. "Tangu siku ile. Na kabla ya hapo hukuwa na kosa. Hata yangu ilikuwa inasema hivyo hivyo."

Nilimtazama mtani wetu, nikangoja apasue. Mdomo ulikuwa wazi, na halikutoka neno.

Mwenyekiti akainuka, akatafuta viatu vyake. Alipofika ukingoni mwa baraza akageuka. "Maalim, Jumamosi rudi madrasa. Watoto wote watakuwepo. Nitawaambia kamati mwenyewe."

"Nitarudi," Baba akasema. "Ila usinisamehe tena."